Utani, kejeli na tusi: nani ana kibali cha kumcheka mheshimiwa?

Katika eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu, muziki, vichekesho na siasa havikai vyumba tofauti. Jumamosi usiku mjini Embu, mwimbaji wa mugithi huketi na gitaa lake, akawasalimu wateja kwa majina, akachomeka jina la diwani katikati ya wimbo wa mapenzi, na ukumbi ukaangua kicheko. Jumapili, mwanasiasa husimama kwenye harambee, akambandika mpinzani wake jina la kubuni, na watu wakacheka tena. Kufikia Jumatatu, kwenye stendi ya matatu au kibanda cha chai, vichekesho vyote viwili vinasimuliwa upya na kutiwa chumvi. Je, vicheko hivi viwili ni kitu kimoja? Isimujamii inasema hapana, na tofauti yake ina uzito.

Tuanze na istilahi. Kiswahili kina maneno matatu ambayo siku hizi tunayachanganya: utani, kejeli na tusi. Utani kwa asili ni uhusiano. Nchini Tanzania, kwa mfano, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, nao huweza kuambiana maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine yangezua ugomvi. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliufafanua uhusiano wa aina hii mnamo 1940: mmoja ana ruhusa ya kumkosea mwenzake heshima, naye mwenzake anatarajiwa asikasirike. Kejeli haihitaji uhusiano huo. Ni kumcheka mtu ili kasoro yake ionekane. Tusi nalo halishughuliki na kasoro ya tendo, linashambulia utu.

Tatizo ni kwamba neno lilelile laweza kuwa utani leo na tusi kesho. Kinachoamua ni nani anasema, anamwambia nani, na wapi. Mwimbaji wa mugithi ana kibali kwa sababu hadhira inajua yuko kazini. Mugithi katika Kikikuyu ni gari moshi, kwa maana wachezaji hushikana na kufuatana kama mabehewa. Nyimbo huunganishwa moja hadi nyingine, maneno yakabadilishwa papo hapo kulingana na waliomo ukumbini. Diwani akitajwa, naye yupo, anaweza kucheka, kununa au kumtuza mwimbaji noti. Ana pa kujibu.

Runinga ilikipanua kibali hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Daniel arap Moi, sauti na mikogo, akiwa bado yumo Ikulu. Wakenya walicheka, na kicheko hicho kikapunguza woga. Baadaye mpaka ulivukwa kutoka upande wa pili: John Kiarie, mmoja wa kundi hilo, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Naye MC Jessy, mchekeshaji kutoka Meru, alijitosa katika siasa za Imenti Kusini kuelekea uchaguzi wa 2022. Anayecheka wakubwa akawa mkubwa, au akatamani kuwa.

Maneno pia huvuka. Chukua sipangwingwi, wimbo wa Exray, Trio Mio na Ssaru uliovuma mwaka 2021. Tukilichanganua neno lenyewe tunapata si- ya ukanushi wa nafsi ya kwanza, mzizi -pang-, -w- ya kutendwa, na kiishio -i: sipangwi. Kisha Sheng ikarudia silabi ya mwisho, -ngwi, ili neno libambe masikioni. Katika wimbo, ni majigambo ya kijana asiyetaka kuamuliwa maisha yake. William Ruto alipoupeleka katika kampeni, ukawa ujumbe kwa waliotaka kupanga nani amrithi Rais Uhuru Kenyatta. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikalijumuisha umbo lake la wingi, hatupangwingwi, katika orodha ya maneno ya chuki, hatua ambayo baadaye ilibatilishwa mahakamani. Mofolojia haikubadilika. Kilichobadilika ni jukwaa.

Katika orodha hiyohiyo kulikuwa na neno madoadoa. Kamusi haioni ubaya wowote ndani yake. Ng'ombe ana madoadoa, kitambaa kina madoadoa. Lakini mbele ya umati wa kampeni, likielekezwa kwa jamii ndogo inayoishi miongoni mwa kubwa, huwa wito wa kuifukuza. Mwanasiasa akibanwa atasema, "Nilikuwa natania tu, bana." Hapo amekopa kibali cha mwimbaji wa mugithi bila kutimiza masharti yake. Anayetaniwa hayuko ukumbini, hana kipaza sauti, wala hana utani naye.

Sasa tugeuze sarafu. Siku chache kabla ya Krismasi ya 2024, kijana mmoja alitekwa nyara papa hapa Embu. Katika kipindi hicho walitoweka vijana wengine pia, na waliripotiwa kuwa wamechora au kusambaza mitandaoni picha za kumdhihaki Rais Ruto. Kadhaa wao, huyo wa Embu akiwemo, walirejea makwao Januari 2025. Picha zile ziliwaudhi wengi, hata baadhi ya waliotaka vijana waachiliwe. Mtandaoni hakuna ukumbi unaomkumbusha mtazamaji kwamba huu ni mzaha. Picha hufika kwenye simu ikiwa imevuliwa muktadha wake wote. Hiyo ni hoja ya haki ya kiisimu.

Hata hivyo, rais ana pa kujibu. Ana jukwaa, ana wasemaji, na akiona amekashifiwa ana mahakama. Kijana aliyefunikwa uso ndani ya gari hana hata kimoja.

Ndiyo maana kuuliza "je, huu ni mzaha?" hakutoshi, kwa kuwa kila mwenye hatia atajibu ndiyo. Kipimo ninachokipendekeza kina maswali mawili: kicheko kinaelekea juu kwa mwenye mamlaka au chini kwa mnyonge, na je, anayechekwa anaweza kujibu? Mwimbaji anayemtaja diwani anapita mtihani huo. Mchoraji anayemdhihaki rais anaweza kukosa adabu, na tuna haki ya kumwambia hivyo, lakini naye anapita. Anayewaita majirani zake madoadoa hapiti, hata umati ukicheka mpaka machozi.