Wadandiaji wa Majini

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga kipande cha bahari sebuleni. Hununua tangi la vioo, hulijaza maji ya chumvi, kisha huweka ndani yake jiwe lililotolewa kwenye matumbawe. Mchana jiwe hilo ni jiwe tu. Usiku taa zikizimwa, wenyewe hutoka: mnyoo mwenye vinyweleo vinavyochoma, kaa asiyezidi ukucha, na pengine kamba mwenye mikono kama ngumi, anayepiga gamba la konokono mpaka linapasuka. Hakuna aliyewanunua hao. Walidandia jiwe. Mwenye tangi hukaa na tochi usiku, akiwachunguza mmoja mmoja ili ajue yupi abaki na yupi atolewe kabla hajawala wenzake.

Sasa njooni Kipili, wanangu, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, mahali uwanda wa juu wa Ufipa unaposhuka mpaka Ziwa Tanganyika. Maji ya hapa hayana chumvi. Hata hivyo, ukichungulia kati ya mawe ya visiwa vya Ulwile na Mvuna unaweza kudhani uko Mafia au Pemba: konokono wenye magamba mazito yenye mistari na miiba, kaa, sifongo zilizoganda kwenye mawe, samaki wa manjano na wa buluu. Yupo hata konyeza, mdogo kuliko sarafu ya shilingi mia, anayepita majini usione anavyoyasukuma maji. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, wataalamu wa Ulaya wakashangaa. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mwaka 1896 na tena 1899, na katika kitabu chake cha mwaka 1903 akadai kwamba ziwa hili zamani liliungana na bahari. Haikuwa hivyo. Ziwa limekaa peke yake katika Bonde la Ufa kwa mamilioni ya miaka, kina chake kikafika mita 1,470, na viumbe wake wakabadilika humo humo mpaka wakafanana na wa baharini.

Na wadandiaji pia wapo. Tuanze na gamba tupu.

Chini ya ziwa, penye mchanga, yamelala magamba mengi ya konokono aitwaye Neothauma. Mwenyewe alishakufa, gamba limebaki. Kabla hujaliokota, tazama mchanga unaolizunguka. Ukiona kishimo kimechimbwa, na mchanga umemwagwa pembeni kwa mafungu, jua nyumba hiyo ina mtu. Ni samaki mdogo kuliko kidole chako cha kati, wa jamii moja na perege, anayechota mchanga kwa mdomo na kuutema nje siku nzima. Ukitikisa maji anaingia ndani, na ukiliinua gamba unaondoka naye. Humo humo anaweza kuwemo kaa mdogo badala ya samaki. Kwa hiyo tazama kwanza, okota baadaye.

Yupo samaki mwingine, Lamprologus callipterus, ambaye dume lake hukusanya magamba hayo na kuyarundika mahali pamoja. Huyabeba kwa mdomo. Jike hutaga ndani ya gamba, na dume ni zito kuliko jike zaidi ya mara kumi, kwa hiyo yeye haingii kabisa. Dume likiona rundo la jirani halina ulinzi, linakwenda kuiba gamba, na mara nyingine jike bado limo ndani! Jike limelala kwake, linaamka kwa mtu mwingine.

Lakini mdandiaji ninayemwona hodari kuliko wote anadandia mdomo. Samaki wengi wa Tanganyika wa jamii ya perege hulea mayai kinywani. Jike hutaga, kisha hugeuka upesi na kuyachukua mdomoni, akae nayo wiki mbili tatu, karibu bila kula. Wakati huo huo hupita samaki wa jamii ya ngogo, mwenye madoa meusi mwili mzima na ndevu nyeupe, jina lake la kitaalamu Synodontis multipunctatus. Hujipenyeza katikati ya wanaotaga, hula baadhi ya mayai yao, na papo hapo huacha ya kwake. Mama, kwa haraka ya kuokoa wanawe, huyakusanya yote pamoja. Mtaalamu wa Kijapani Tetsu Sato alilieleza jambo hili mwaka 1986. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na vitoto vyake vikishamaliza kiini vilichozaliwa nacho, vinawala watoto wa mwenye kinywa, mle mle ndani. Mama hajui. Siku ya kufungua mdomo anatoa watoto wenye ndevu.

Mnaona alama hiyo? Ndevu. Jamaa wa perege hana ndevu hata siku moja. Lakini si kila mama hudanganyika. Majaribio kwenye matangi yameonyesha kwamba samaki wa maziwa mengine, ambao babu zao hawakuishi na ngogo huyu, hudanganyika kwa urahisi zaidi. Wale wa Tanganyika mara nyingi huyatema mayai ya mgeni.

Amebaki mdandiaji mmoja ambaye macho hayamwoni, nami sitaki kumpita. Ni kijidudu cha kichocho. Huyu hukua ndani ya konokono wa maji, hutoka, huogelea, hupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Si kila konokono humbeba. Wale wenye magamba mazito ya kwenye mawe siyo wanaosumbua. Wa kuangaliwa hupenda maji yaliyotulia penye majani, na magamba yao ni membamba. Mmoja amejiviringa bapa, hana ncha: huyo hubeba kichocho cha tumbo. Mwingine ana ncha, na ukimtazama ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea, mlango wake uko upande wa kushoto: huyo hubeba kichocho cha mkojo. Usiingie majini kumfuata. Mtazame ukiwa nchi kavu, kisha mweleze mwalimu au mhudumu wa afya ni ufuo gani ulikomwona.