HITILAFU ZA INJINI BAADA YA MATENGENEZO YA KAWAIDA

Vyama vingi vya msingi vina utaratibu mzuri wa kupeleka lori au pikapu ya chama gereji kabla ya msimu wa kununua mazao. Oili chakavu humwagwa na kutiwa mpya, filta hubadilishwa, plagi na mikanda hukaguliwa. Hata hivyo, hutokea mara kwa mara kwamba gari lililoingia gereji likiwa zima hutoka likiwa na hitilafu: injini haiwaki asubuhi, inakosa nguvu mlimani, inatoa moshi, inavuja oili au inachemka.

Hapo ndipo hasara ya chama huanza. Dereva humlaumu fundi, fundi husema gari limechakaa, naye katibu huombwa fedha za kununua pampu ya dizeli au kipuri kingine cha bei kubwa, huku magunia ya wanachama yakisubiri ghalani. Aghalabu fedha hizo hutumika bure, kwa kuwa kasoro yenyewe ni boliti iliyolegea au bomba la mpira lisilorudishwa mahali pake. Yafaa basi kila katibu na kila dereva ajue namna ya kutafuta kasoro ya aina hiyo kwa mpango.

Kichunguzwe kwanza kilichoguswa

Injini iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana haina sababu kubwa ya kuharibika leo, ila kwamba kuna sehemu zake zilizofunguliwa na kufungwa tena. Kwa hiyo uchunguzi huanzia kwenye sehemu hizo, na si kwenye sehemu ambazo hazikuguswa. Dereva na fundi waorodheshe kila kitu kilichofunguliwa, kilichobadilishwa na kilichoongezwa. Kisha wapitie orodha hiyo kimoja kimoja, wakianza na kile kilicho rahisi kutazamwa. Jambo moja lirekebishwe kwa wakati mmoja, na injini ijaribiwe kabla ya kwenda kwenye jingine. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichokuwa kibovu, na chama hulipia vyote vitatu.

Hewa katika dizeli

Katika magari ya dizeli, kasoro inayotokea mara nyingi baada ya kubadilisha filta ni hewa kuingia katika njia ya mafuta. Pampu hufanya kazi kwa kuisukuma dizeli kwa nguvu nyingi hadi kwenye nozeli. Dizeli haibonyei kwa urahisi, lakini hewa hubonyea. Palipo na hewa, nguvu ya pampu huishia katika kuibonyeza hewa hiyo, na nozeli hazinyunyizi mafuta ipasavyo.

Dalili zake zinafahamika. Injini huwaka mara moja, hukimbia dakika chache kwa dizeli iliyokuwa imebaki njiani, kisha huzima na kukataa kuwaka. Au hufanya kazi vizuri mchana kutwa, lakini asubuhi hupigwa stata kwa muda mrefu pasipo kuwaka. Dalili hii ya pili huonyesha kwamba mpira wa filta au kiungo cha bomba hakikukaa sawasawa. Hewa hupenya usiku na dizeli hurudi katika tangi.

Dawa yake ni kukaza viungo vilivyofunguliwa, kisha kutoa hewa. Katika injini nyingi za zamani kuna pampu ndogo ya mkono karibu na filta. Skrubu ya kutolea hewa hulegezwa, pampu hubonyezwa mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha skrubu hukazwa. Katika injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, mabomba ya kwenda kwenye nozeli yasilegezwe kamwe injini ikiwa inafanya kazi. Mgandamizo ndani yake hupita bar 1,000, na mnyunyizo wake waweza kupenya ngozi na kuleta jeraha la hatari.

Oili: iliyopungua na iliyozidi

Taa nyekundu ya oili ikiwaka baada ya matengenezo, dereva azime injini papo hapo. Asijaribu kufika gereji. Injini isiyopata oili huweza kuharibika kabisa kwa muda wa dakika chache, na gharama ya kuifanya upya yaweza kumaliza akiba ya chama.

Sababu ya kwanza ya kutazama ni filta ya oili. Filta ya zamani inapofunguliwa, mpira wake wa mviringo huweza kubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Fundi asiyeangalia hufunga filta mpya juu ya mpira huo. Mipira miwili haikamati vizuri, na nguvu ya oili huisukuma nje, pengine gari likiwa safarini. Sababu ya pili ni boliti ya kumwagia oili iliyolegea, au iliyokazwa mno hata nyuzi zake zikakatika.

Oili iliyozidi nayo ni kasoro. Fito la injini huipiga na kuitia mapovu, na oili yenye mapovu hailainishi vyuma ipasavyo. Tena injini huweza kutoa moshi wa buluu. Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, na alama yake iwe kati ya mistari miwili ya kijiti.

Hewa, maji na mikanda

Moshi mweusi na ukosefu wa nguvu huonyesha kwamba injini haipati hewa ya kutosha. Itazamwe kama kitambaa cha kufutia kimesahauliwa katika njia ya hewa, au kama filta iliyowekwa si ya injini hiyo. Hatari kubwa zaidi ni filta isiyokaa sawasawa, kwa kuwa haina dalili ya haraka. Vumbi la barabara zetu hupita pembeni yake na kusaga silinda polepole, na hasara huonekana baada ya miezi kadhaa.

Injini ikichemka baada ya kubadilishwa maji, huenda hewa imenaswa katika njia za maji. Ijazwe upya ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Mkanda wa feni nao ukaguliwe, kwani ukilegea huteleza na feni haizunguki inavyotakiwa.

Magari ya petroli

Injini ya petroli inayotetemeka na kukosa nguvu mara baada ya kubadilishwa plagi, kwanza itazamwe nyaya za plagi. Katika injini nyingi za silinda nne, moto hupigwa kwa mpango wa 1-3-4-2. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, silinda hizo hazipati moto kwa wakati wake. Njia ya kuepuka kosa hili ni kuchomoa waya mmoja, kubadilisha plagi yake na kuurudisha, kabla ya kugusa mwingine. Ikiwa sauti ya kufyonza hewa inasikika na injini inazunguka kwa kasi isiyo ya kawaida bila kukanyagwa mafuta, kuna bomba dogo la mpira lililoachwa wazi. Katika magari mapya, soketi ya waya iliyosahauliwa huwasha taa ya injini. Kifaa cha kusoma makosa huonyesha ni mzunguko gani wenye malalamiko. Hakisemi kwamba kipuri chake ni kibovu.

Wajibu wa katibu na kamati

Ni kweli kwamba si kila hitilafu inayofuata matengenezo imeletwa nayo. Kifaa kilichochakaa chaweza kufa siku yoyote. Lakini jambo hilo likubaliwe baada ya orodha yote kupitiwa, wala si kabla. Ili uchunguzi uwezekane, vyama vyashauriwa kuzingatia mambo haya:

1. Liwepo daftari la gari lenye tarehe, kilometa, kazi iliyofanywa, lita za oili zilizotiwa na sehemu zilizofunguliwa. Dereva na fundi watie sahihi.

2. Vipuri vilivyotolewa virudishwe kwa chama na kuwekwa stoo angalau wiki mbili. Kifaa kipya kikitiliwa shaka, cha zamani kilichokuwa kizima huweza kurudishwa kwa majaribio.

3. Kabla ya malipo, injini iwashwe mpaka ipate moto, gari liendeshwe kilometa chache, kisha litazamwe chini kama kuna uvujaji. Asubuhi yake liwashwe tena.

4. Matengenezo yafanywe majuma kadhaa kabla ya msimu, si siku ya mwisho.

5. Ombi la kununua kipuri kikubwa lisipitishwe na kamati bila maelezo ya maandishi ya fundi kuonyesha sehemu zilizokwisha kaguliwa.

Daftari hilo humlinda kila mmoja. Fundi mwaminifu hatalaumiwa kwa kosa lisilo lake, dereva hatashukiwa bure, na wanachama wataona kwamba fedha itokanayo na jasho lao haikutumika kwa kubahatisha.