Trekta ya Ferguson ya Kijivu: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Ndugu mkulima, katika skimu zetu ziko trekta nyingi za zamani ambazo zingali na nguvu ya kulima. Ziko pia nyingine ambazo injini zake zimelala ndani ya magunia chini ya ghala, nazo zimelala huko tangu siku ile mwenyewe alipozifungua. Mara nyingi si ubovu ulioziua. Ziliuawa na spana iliyotangulia akili. Mwezi huu nitaeleza habari za injini moja tu, yaani ile ya Ferguson TE20, trekta ndogo ya kijivu.

Ni injini gani hii?

Trekta hizi zilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na jumla yake ilipita nusu milioni. Zile za kwanza zilikuwa na injini ya Continental ya Marekani. Baadaye nyingi zilitiwa injini ya kampuni ya Standard yenye silinda 4. Ziko za petroli, za mafuta ya taa ya trekta, na za dizeli. Hapa nasema juu ya ile ya petroli ya Standard. Basi itazame yako vizuri kabla ya kufuata maneno haya.

Injini hii ni ya ukoo mmoja na zile za motokaa Standard Vanguard na Triumph TR2. Jambo hili lina faida kwako. Watu wengi duniani wanazipenda motokaa hizo za zamani na kuzitunza, na wako wanaozitunza trekta zenyewe, kwa hiyo ringi, gasketi na beringi zingali zikitengenezwa hata leo.

Injini ikikataa kuwaka

Usishike spana. Injini ya petroli yahitaji mambo matatu tu: moto, mafuta, na mshindilio, yaani ile nguvu ya pistoni kuubana upepo. Yaangalie kwa taratibu hiyo.

1. Moto. Anza na betri. Safisha vichwa vyake, ukaze nyaya, hata ule unaoingia katika mwili wa trekta. Kisha toa plagi moja, uirudishe katika waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, na mwenzako azungushe injini. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikiwa ni nyekundu na dhaifu, au haipo, fungua kifuniko cha distributa. Tazama kama kina ufa au unyevu, na kama pointi zimeungua. Pointi chafu zimewafanya wakulima wengi kununua koili bure.

2. Mafuta. Petroli ya trekta hii hushuka yenyewe kutoka tangini, haina pampu. Fungua bomba kwenye kabureta utazame kama yatoka vizuri. Yakitoka kidogo kidogo, safisha kikombe cha kuchujia, na utazame tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Tundu likiziba, injini huwaka, hufanya kazi kidogo, kisha huzimika kama mtu aliyezibwa pua.

3. Mshindilio. Zima moto kwa swichi, gia iwe huru, kisha zungusha kwa hendeli polepole. Kila silinda yapasa kukukatalia kwa nguvu sawa na nyingine. Ikiwa moja ni laini, toa plagi yake, tia kijiko kimoja cha oili, urudishe plagi na kujaribu tena. Ikipata nguvu, ringi au silinda imelika. Isipopata nguvu, valvu haifungi. Basi pima kwanza nafasi ya valvu, kwani huenda ni kurekebisha tu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa laini pamoja, gasketi ya hedi imeungua baina yao.

Tazama na moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe usiokwisha, na huku maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanayoingia ndani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena hata dakika moja.

Ukilazimika kufungua

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, si mvua ikiwa mlangoni. Tafuta mahali pasipo vumbi. Kila nati iwe katika kopo lake, na kila kopo liwe na jina. Valvu na vijiti vyake virudi mahali pake pale pale, na kifuniko cha konrodi kirudi katika konrodi yake, upande ule ule.

Sasa sikiliza neno kubwa kuliko yote. Silinda za injini hii hazikuchongwa katika chuma cha injini. Ni silivu nne zinazotoka, na maji huzizunguka. Chini yake kuna gasketi nyembamba mfano wa tarakimu 8, moja kwa kila silivu mbili. Hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukiondoa hedi, hakuna kitu kinachozishika. Ukizungusha injini hapo, pistoni yaweza kuinua silivu kiasi cha unywele, na gasketi ya chini ikaharibika.

Nalijifunza jambo hili kwa hasara. Nalifungua hedi ya trekta ya baba mkwe wangu ili nikwangue masizi. Nikazungusha injini ili pistoni zipande. Nikafunga, ikawaka, nikasifiwa, nikapewa na jogoo. Asubuhi ya pili oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Nami kwa aibu nikasema ni umande tu, tukalima hata adhuhuri. Hapo beringi zikaanza kugonga. Krankishafti ilipelekwa mjini kuchongwa, na mvua ikatukuta na shamba halijalimwa. Mzee alikodi ng'ombe wa jirani. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi fanya hivi. Mara uondoapo hedi, kata vipande vifupi vya bomba, uvivalishe juu ya stadi pamoja na wasa pana zinazokalia ukingo wa silivu, ukaze kwa nati. Wasa zisizibe njia ya pistoni. Hapo waweza kuzungusha bila hofu.

Ukitia silivu mpya, safisha kabisa kikalio chake. Ikikaa vizuri, hutokeza juu ya chuma cha injini sehemu 3 hadi 5 za elfu moja ya inchi. Pima kwa rula iliyonyoka na fila geji. Isipotokeza, hedi haitaikandamiza, na maji yatapita.

Wakati wa kufunga, paka oili safi kila mahali panaposuguana. Kaza nati za hedi kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Nyaya za plagi zifuate mpango wa 1, 3, 4, 2, ukihesabu kutoka upande wa rejeta.

Kabla ya kuwasha, tia maji na uache usiku mzima. Asubuhi legeza nati ya kumwagia oili polepole. Maji ni mazito kuliko oili. Yakiwamo, ndiyo yatakayotangulia kutoka. Yakitoka, fungua tena. Ni afadhali kurudia kazi ya siku mbili kuliko kununua krankishafti.

Unapowasha kwa hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu. Ikirudi nyuma haitakuvunja mkono. Usiwashe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wake huua.

Wakati wa kumwita fundi

Trekta hii haina fremu kama motokaa. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo wake. Kazi ikifika mahali pa kuitenga trekta vipande viwili, au kuchonga krankishafti, mwite fundi mwenye vyombo. Hiyo si aibu. Aibu ni kuficha kosa hata likawa hasara, kama nilivyofanya mimi.

Nunua daftari moja, uandike humo kila ulilopima na kila ulilobadili, pamoja na tarehe. Siku fundi ajapo, mpe alisome kwanza kabla hajashika spana.