Mchochota, Unene na Moyo wa Mwanamke: Kipimo na Maana Yake

Katika Kiswahili cha kila siku, neno uvimbe hutumika kutaja karibu kila namna ambavyo mwili hujibu dhara. Neno hilo hulifaa jipu. Haliifai hali inayozungumziwa hapa, kwani hakuna kinachovimba wala kuuma. Makala haya yanatumia nomino mchochota, itokanayo na kitenzi chochota.

Kwa muda mrefu mafuta ya mwili yalichukuliwa kuwa ghala tu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali za mchochota. Mwaka 2003 ikabainika kuwa chembechembe za kinga nazo hujazana humo. Ini, likichochewa na kemikali hizo, huzalisha protini ya CRP, ambayo ilijulikana tangu 1930. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulidhihirisha kwamba, miongoni mwa wanawake wa Marekani waliokoma hedhi, wenye CRP nyingi ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi baadaye.

Je, kupungua uzito hubadili hali hiyo? Mjini Naples, Italia, wanawake wanene 120 ambao hawajakoma hedhi waligawanywa makundi mawili. Kundi lililoelekezwa kwa kina kuhusu chakula na mazoezi lilipungua uzito zaidi katika miaka miwili, na CRP yake ikashuka. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2003. Mwaka mmoja kabla, wanawake wa Marekani waliokoma hedhi na kupunguza wastani wa kilo 14.5 walionekana kushusha CRP kwa takriban theluthi.

Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini CRP yenyewe, kwa mujibu wa tafiti za jeni, haisababishi maradhi ya moyo. Isitoshe, tafiti hizo mbili zilipima damu. Hazikuhesabu mishtuko ya moyo. Utafiti wa Look AHEAD, uliohusisha watu 5,145 wenye unene na kisukari, wengi wao wanawake, ulihesabu. Uzito ulipungua, CRP pia, lakini matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti katika mishtuko na vifo vya moyo.

Hata hivyo, mchochota si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 dawa iliyoupunguza bila kugusa lehemu ilipunguza mishtuko ya moyo. Mwaka 2023 semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, ilipunguza matukio hayo kwa asilimia 20 kwa wagonjwa wa moyo wenye unene wasio na kisukari. Wanawake hawakufikia theluthi moja ya washiriki hao.