Bunduki ya vita: tusome chuma kwanza

Wandugu, kisha vita ya 1945, askari wengi wa Marekani walirudi kwao na bunduki za Japani, Arisaka. Leo kila muuzaji anasema yake "ilinyang'anywa vitani", juu hadithi inapandisha bei.

Angalieni pale mtutu unapoanzia: kuna ua la petali 16, alama ya mfalme wa Japani. Likiwa limekwanguliwa, mara nyingi bunduki ilikabidhiwa kisha Japani kushindwa. Likiwa zima, ni dalili tu, haiko ushahidi. Kama kuna karatasi ya jeshi, namba yake ni ile ile ya kwenye chuma?

Sisi watu wa kilimo tunajua: soma namba kwenye mfuko wa mbegu mbele ya kusikiliza muuzaji. Hadithi haioti.