Rangi Inayoivishwa na Injini

Ukiishusha manifodi ya ekzosi ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2, unabaki na pande zito la chuma cha kusubu lililojaa kutu nyekundu inayopukutika ukiikwaruza kwa ukucha. Kutu hiyo haitaimaliza manifodi leo wala mwaka ujao, maana kuta zake ni nene. Ila kazi ngumu ya kufungua nati zilizoshikana imeshafanyika, gasketi mpya imeshanunuliwa, na nani atapenda kurudisha kitu kichafu kwenye injini iliyosafishwa? Basi mtu huenda dukani kutafuta kopo la kupuliza lililoandikwa kuwa linahimili joto, na kosa la kwanza hufanyika palepale kaunta.

Kosa lenyewe ni la namba. Makopo mengi hutoka Marekani, ambako joto hupimwa kwa Farenhaiti. Kopo lililoandikwa 1200 linazungumzia nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Lililoandikwa 500 ni nyuzi 260 tu, na hilo kwa kawaida ni rangi ya injini: inafaa kwenye bloku na kava ya valvu, lakini kwenye ekzosi haidumu. Lililoandikwa 2000 ni nyuzi 1093, na namba hiyo ni ya vipindi vifupi, si ya safari ya kutwa nzima. Sasa linganisha na chuma chenyewe. Manifodi ya dizeli inayopanda mlima na mzigo huweza kupita nyuzi 400. Kwenye injini ya petroli iliyokanyagwa hasa, moshi unaotoka silindani hufika nyuzi 800 na zaidi, na manifodi huweza kuwaka wekundu unaoonekana gizani. Kadiri bomba linavyoelekea nyuma joto hushuka, hivi kwamba kopo linaloshindwa mbele huweza kutosha kabisa kwenye silensa.

Rangi ya mageti na madirisha imejengwa kwa minyororo ya kaboni. Ikipita nyuzi 150 hivi huanza kugeuka kahawia, kisha huungua na kubanduka. Rangi ya ekzosi hushikiliwa na resini ya silikoni, ambayo uti wake ni atomi za silikoni na oksijeni zinazopokezana, na muungano wao ni mgumu kuvunjwa na joto kuliko ule wa kaboni na kaboni. Aliyechunguza sana jamii hii ya kemikali ni Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa akipata ute unaonata ambao haukumfurahisha, na hadi mwaka 1936 alikuwa bado haoni kama ungekuja kuwa na faida kubwa. Mwaka 1940, Eugene Rochow wa General Electric akagundua njia ya kutengeneza malighafi yake kwa wingi, na tangu hapo ute ule umeingia kwenye kila kitu, kuanzia vyombo vya jikoni hadi kopo uliloshika mkononi.

Rangi hii ikishapulizwa hukauka kwa kugusa ndani ya saa moja hivi, na wengi hudhani imemaliza. Jaribu kuikwaruza: inatoka. Kilichotokea ni kimiminika kuruka tu. Resini huanza kufungamana sawasawa joto linapozidi nyuzi 200, na ukizidi kupandisha, sehemu zake za kaboni huungua, unabaki mfumo mgumu wa silika ulioshikilia vipande vya rangi visivyoungua: alumini kwa rangi ya fedha, oksidi za madini kwa nyeusi. Ndiyo maana gari lililopakwa karibuni hutoa harufu na moshi chini ya boneti. Mwenye gari hushtuka, lakini huo ni moshi wa rangi inayoiva.

Kuiva huko hakutaki haraka. Ukiwasha injini na kutoka moja kwa moja kwenda kupanda mlima wa Kitonga, kimiminika kilichobaki ndani ya rangi kitachemka na kuacha malengelenge. Mtindo unaopendekezwa kwa rangi nyingi za aina hii ni kupandisha joto kwa ngazi. Manifodi ikiwa imeshafungwa garini, injini iungurume dakika 10 kisha ipoe; iwashwe tena dakika 20, ipoe; halafu dakika 30. Fuata kopo lako likisema tofauti. Fanya hivyo nje, boneti ikiwa wazi, nawe ukae upande unakotoka upepo. Oveni ya kupikia chakula usiitumie kuivishia, kwa sababu moshi huo wa rangi hauna nafasi jikoni.

Yote hayo ni bure chuma kisipoandaliwa, na hapa ndipo ningependa utumie siku yako. Brashi ya waya hudanganya. Ukiisugulia manifodi kwa nguvu inang'aa rangi ya kahawia iliyoiva, inavutia, kumbe umeing'arisha kutu na kuishindilia ndani ya vitundu vya chuma. Rangi itashika kutu, na kutu itaachia. Dawa ya kweli ni kupigwa mchanga kwa fundi mwenye mashine, mpaka chuma kiwe kijivu kisichong'aa. Ukikosa, tumia msasa namba 80, uingie kila kona ambayo brashi iliiruka.

Kisha mafuta. Chuma cha kusubu kina vinyweleo, na manifodi iliyokaa miaka chini ya kava inayovuja imekunywa oili. Ifute kwa tina au asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Halafu iweke nje juu ya jiko la mkaa ipate moto wa kadiri, uone: vidoa vyeusi, vyenye unyevu, vitaanza kutokea mahali ulipoapa ni pasafi. Iache ipoe kabisa ndipo uifute tena, kwa sababu tina na chuma cha moto ni ajali. Kwa kazi hii usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Mvuke wake ukikutana na joto kali huweza kuzalisha fosijini, gesi iliyotumika kuua watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya hapo, shika chuma kwa glavu safi, maana alama ya kidole nayo ni mafuta.

Ukiwa Tanga au Mombasa, usikilaze chuma kilichosafishwa. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na ukungu mwekundu huweza kurudi kabla ya jioni. Paka siku hiyohiyo. Praima ya kawaida usiweke chini, itaungua na kuondoka na kila kilicho juu yake. Ziba kwa utepe wa karatasi nyuso za gasketi, nyuzi za boliti na tundu la sensa. Puliza mara mbili au tatu, nyepesi. Chuma cha urefu wa mita moja kikipanda nyuzi 500 hurefuka kama milimita 6, na rangi nene haiwezi kufuata mwendo huo bila kupasuka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi unapopuliza. Tafuta yenye kichujio cha mkaa.

Wauzaji hupenda kusema rangi hii hupunguza joto chini ya boneti. Mimi siamini. Utando wenye unene wa sehemu ndogo ya milimita hauzuii joto la maana. Kuna kinga nyingine, kama enameli ya kioo iliyochomewa kwenye manifodi za Jaguar E-Type, aina ileile ya enameli inayopakwa kwenye vikombe vya bati, lakini hiyo huhitaji tanuri. Bandeji ya ekzosi nayo hupunguza joto kweli, ila hushika maji na kukifanya chuma kiwe cha moto zaidi ndani yake, na bomba la chuma chembamba likaoza bila wewe kuliona.

Silensa ya nyuma ina kisa chake. Lita moja ya mafuta ikiungua huzalisha karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke. Gari linalokwenda sokoni na kurudi halifikishi silensa kwenye joto la kuyakausha, hivyo maji hubaki ndani, yana asidi, yakila bati kutoka upande ambao kopo lako halifiki. Baadhi ya silensa huwekewa kitundu kidogo chini kiwandani ili maji yatoke. Kichunguze kabla ya kupaka; kama kimeziba kwa matope, kizibue kwa waya, na fundi wa kuchomelea akitaka kukifunga kwa kudhani ni kutu imetoboa, mkataze.