Lenzi Kuukuu na Mapovu ya Mwanga

Lenzi ya Trioplan ya milimita 100, iliyotengenezwa na kiwanda cha Meyer-Optik mjini Görlitz, Ujerumani Mashariki, ina vipande vitatu tu vya kioo, kwa kufuata mpangilio alioubuni Mwingereza Dennis Taylor mwaka 1893, na kwa vipimo vya wahandisi wa leo, ambao aghalabu hupanga vipande kumi na zaidi ndani ya lenzi moja, chombo hicho kina upungufu. Hata hivyo, wapigapicha wa vitu vidogo, yaani wadudu, maua na matone ya umande, huisaka kwa udi na uvumba, na wanachokisaka ni upungufu wenyewe.

Kioo kilichochongwa kwa mviringo wa tufe hakiwezi kuikusanya miale yote katika nukta moja, kwa kuwa miale inayopita pembeni hukutana mahali tofauti na ile ya katikati. Katika Trioplan, marekebisho ya kasoro hiyo yalivuka mpaka kidogo, hata miale ya pembeni ikawa inakutana mbali zaidi na kioo. Kwa sababu hiyo, nukta angavu iliyo nyuma ya kitu kinachopigwa haigeuki doa lenye kingo laini, bali mwanga wake hurundikana ukingoni na kuchora duara mfano wa povu la sabuni. Mpigapicha akilibana tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kutoka f/2.8 hadi f/8, miale ya pembeni huzuiwa na mapovu hutoweka.

Katika picha ya mlima au jengo sifa hii haina pa kujionyesha. Lakini nyuki anapopigwa kwa karibu mno, eneo linaloonekana kwa ukali huwa jembamba kiasi kwamba jicho likiwa safi, mbawa zimekwisha kufifia, na nyasi zenye umande nyuma yake zinakuwa mapovu matupu. Sehemu kubwa ya picha, kwa hakika, ni ukungu, na hapo ndipo tabia ya lenzi inapotawala.

Trioplan yenyewe haikuundwa kwa kazi hiyo, na ili isogee karibu huhitaji bomba tupu, lisilo na kioo, linalowekwa kati yake na kamera. Lenzi ya milimita 50 ikiongezewa bomba la milimita 50, taswira huwa na ukubwa sawa na kitu chenyewe, ingawa mwanga hupungua hadi robo. Hapa ukongwe ni faida, maana tundu huzungushwa kwa pete ya mkono bila kutegemea umeme, hivyo bomba la bei rahisi linatosha. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi zimeachia nafasi ya kutosha kufunga kiunganishi cha skurubu ya M42, yenye kipenyo cha milimita 42, iliyotumiwa na viwanda vya Ujerumani Mashariki, Urusi ya Kisovieti na Japani.

Si kila kasoro, bila shaka, ina haiba. Kuvu hustawi ndani ya lenzi zilizohifadhiwa penye unyevu, jambo la kawaida katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, na nyuzi zake huweza kula utando wa kioo usirekebishike. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hufungua tundu lote, akamulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili kabla ya kutoa fedha.